Kusia Pilipili Sebuleni, Sumbawanga

Mche wa pilipili uliosiwa ndani ya nyumba mjini Sumbawanga mwezi Juni una sifa moja inayoutambulisha haraka: aghalabu si pilipili. Ni mnavu. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja, pamoja na nyanya, bilinganya, viazi mviringo na tumbaku, na katika siku zake za kwanza juu ya udongo inafanana kiasi cha kumtosha mtu mwenye hamu ya kudanganyika. Tofauti ipo. Majani mawili ya kwanza ya pilipili, yale yanayotoka ndani ya mbegu yenyewe, ni membamba, marefu, yamechongoka na yanang'aa. Ya mnavu ni mafupi na mapana zaidi, na mche ukielekezwa kwenye mwanga huonekana vinyweleo vidogo kwenye shina. Ni vema tofauti hii ijulikane kabla ya wageni kufika.

Jumamosi iliyopita wageni walikuwa wanajumuiya. Sumbawanga ina Wakatoliki wengi, na jumuiya ndogondogo husali nyumba kwa nyumba kwa zamu, asubuhi, watu wakiwa wamejikunyata ndani ya makoti na mitandio. Zamu ilipoifikia nyumba yenye trei ya miche, trei ilishushwa kutoka juu ya king'amuzi, ikafutwa vumbi, ikawekwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, mahali ambapo nyumba nyingine huweka maua ya plastiki. Karibu kila tundu lilikuwa na mche. Mwenye trei aliona inafaa kutoa maelezo. Alieleza kuwa hizo ni pilipili mbuzi, kwamba uotaji wake ni mgumu hata kwenye nchi za joto, kwamba katika baridi ya Ufipa wengi wamejaribu wakashindwa, na kwamba siri yake ni uvumilivu. Neno uvumilivu alilirudia. Wakati wa maombi mtu mmoja mwenye moyo mwema aliiingiza miche katika nia zake, na wote wakaitikia.

Chai ilipoanza kumiminwa, mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa kimya muda wote, alisogeza kiti. Akainama juu ya trei. Akachuma jani moja bila kuomba, akalifikicha kwa vidole viwili, akalinusa, kisha akalitia kinywani na kulitafuna taratibu, macho yameelekea dirishani.

"Mwanangu," alisema, "siku hizi mnavu nao mnaulaza ndani?"

Kicheko cha watu waliotoka kusali hivi punde ni cha namna yake. Huanza kwa kubanwa, na kwa kuwa kimebanwa hudumu. Mwenyekiti wa jumuiya aliuliza kama ile nia ifutwe. Katibu akajibu iachwe, kwani mnavu ni chakula, na chakula huombewa. Mwingine akataka kujua kama uvumilivu unahitajika pia kwa mchicha. Mwenye trei alikuwa anamimina chai, na nyingine iliishia kwenye sahani. Kesho yake jioni mtoto kutoka nyumba ya yule mama alipiga hodi akiwa na bakuli, akasema ametumwa kuuliza kama mboga imefikia kuchumwa.

Jinsi trei iliyosiwa pilipili inavyotoa mnavu ni jambo la kuvutia sana kwa mtu ambaye trei si yake. Yanatokea mambo mawili kwa pamoja: pilipili inakataa kuota, na mnavu unaitika mwaliko usiokuwa wake.

La kwanza linatokana na mahali. Uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka katikati ya mabonde mawili, Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sumbawanga ipo kwenye mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali maziwa yote mawili yapo kwenye mita 800 hivi. Kila mita 1,000 za kupanda huondoa takriban nyuzi sita za joto. Maana yake ni kwamba pilipili na joto lake zipo jirani kabisa: anayeshuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Muze upande wa Rukwa, au anayeteremka Kasanga upande wa Tanganyika, huvua koti njiani. Huko chini mbegu ya pilipili inayodondoka nyuma ya jiko huota bila kusomewa kitabu. Huku juu, Juni na Julai, anga ni jeupe, upepo wa kusini mashariki unapita juu ya majani makavu bila kukutana na mti wa kuuzuia, na usiku joto hukaribia nyuzi 10, pengine hushuka chini yake. Nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati na sakafu ya saruji haina la kufanya. Bati hupokea jua lote la mchana na kulirudisha lote mbinguni kabla ya saa nne usiku.

Mbegu ya pilipili ni kidude bapa cha milimita tatu hadi nne, rangi yake ni ya majani makavu, na haina haraka. Ndani yake kiinitete kimejikunja, kimezungukwa na akiba ya chakula ambayo ni ngumu na imebana. Mbegu ikilowa, hunywa maji kwa siku moja au mbili na kuvimba. Hapo mwenye trei hufikiri kazi imeanza, kumbe mbegu imetulia na inangoja. Ncha ya mzizi imetazamana na ukuta wa akiba ile, na haina nguvu za kuutoboa. Ni lazima kwanza ukuta ulainishwe kutoka ndani, na kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vinavyoachiwa pale pale mbele ya ncha, kidogo kidogo, mpaka ukuta ulegee na mzizi upenye. Vimeng'enya ni wafanyakazi wa joto. Kwenye nyuzi 25 hadi 30 pilipili ya kawaida huchomoza kwa siku nane hivi. Kwenye nyuzi 20 huchukua takriban siku 13. Kwenye nyuzi 15, ambazo ni kama sebule ya Sumbawanga saa kumi na mbili asubuhi kwa ukarimu, huchukua karibu siku 25. Kwenye nyuzi 10 haichomozi. Na hizo ni hesabu za pilipili yenye tabia njema; pilipili mbuzi na pilipili kichaa hujiongezea wiki zake. Muda wote huo mbegu imekaa kwenye udongo uliolowa, imevimba, imelainika, na inanukia vizuri puani mwa kila kiozeshaji.

La pili linatokana na udongo. Mboji iliyojaa matundu ya trei ilitoka kwenye shimo la nyuma ya nyumba, ambamo hutupwa maganda, majivu, mabua na mabaki ya mboga. Mnavu hukua pembezoni mwa shimo kama hilo katika kila ua wa Ufipa, huzaa vitunda vyeusi, na kila kitunda kimejaa mbegu ndogo kadhaa kadhaa ambazo ndege, watoto na ufagio huzisambaza. Mbegu hizi hazifi kwa urahisi. Mwaka 1902, mtaalamu wa Marekani J. W. T. Duvel alifukia mbegu za mimea mingi ndani ya vyungu huko Virginia, ili zifukuliwe kidogo kidogo na kupimwa. Zilipofukuliwa mara ya mwisho, baada ya miaka 39, jamii ya mnavu ilikuwa miongoni mwa zilizoota. Shimo la nyuma ya nyumba, basi, ni hazina ya mnavu wa miaka yote ambayo familia imekuwa ikila mboga.

Kinachozuia mbegu hizo kuota zote kwa pamoja ni giza na utulivu. Zinasubiri ishara mbili. Ya kwanza ni mwanga, hata wa muda mfupi, unaozifikia udongo unapochimbuliwa. Maana udongo uliochimbuliwa ni udongo ambao majirani wakubwa wameondolewa. Ya pili ni joto linalopanda mchana na kushuka usiku, kwa sababu mbegu iliyo chini sana haioni mabadiliko hayo, na mbegu iliyo karibu na uso huyaona. Mwenye trei alichimbua mboji, akaichekecha juani, akaijaza kwenye matundu kwa unene wa sentimita chache, akaiweka kwenye sebule ambayo mchana ina jua na usiku ina barafu. Angeandikiwa maelekezo rasmi ya kuotesha mnavu asingeweza kuyafuata vizuri zaidi.

Dawa yake ni kuupika udongo. Nyuzi 80 kwa nusu saa huua sehemu kubwa ya mbegu za magugu na vimelea. Wenye vitalu vya nje huchoma takataka juu ya kitalu kwa sababu hiyo hiyo, na wengine huufunika udongo uliolowa kwa nailoni inayoonyesha na kuuacha juani wiki kadhaa. Wa ndani hutumia sufuria. Kuhusu sufuria ipi, nyumba ikubaliane mapema. Harufu ya mboji iliyopikwa hukaa kwenye ubwabwa muda mrefu.

Wasiotaka kupika hununua kokopiti, ambayo ni maganda ya nazi yaliyosagwa na kugandamizwa kuwa tofali. Haina mbegu za magugu, hushika maji vizuri na ni nyepesi. Inatoka pwani. Nazi haioti Ufipa, hivyo tofali hilo husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa lori ili kuwapelekea udongo Wafipa, watu ambao kilimo chao cha intumba, yaani kufunika nyasi kwa udongo katika vilima vidogo zioze ziwe rutuba, kimeandikwa na wasomi wa ng'ambo tangu enzi za ukoloni. Wazee wa Ufipa wakiliona tofali hilo hulipima kwa mkono, huuliza bei, na hulirudisha mezani kwa adabu.

Mbegu zenyewe zina sura yake, na si ya kuchekesha. Mtu ambaye mbegu hazikumwotea huambiwa ana mkono mbaya. Kauli hii husemwa kwa utani lakini huaminiwa kwa dhati, na wapo watu waliokwisha acha kupanda mboga kwa sababu yake. Mbegu ni kitu hai kinachozeeka, na kuzeeka kwake kuna kanuni. Mtaalamu wa mbegu wa Chuo Kikuu cha California, J. F. Harrington, aliiweka kwa namna ambayo muuza duka yeyote anaweza kuikariri: unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia moja, maisha yake huongezeka maradufu, joto la mahali ilipohifadhiwa likipungua kwa nyuzi tano, maisha yake huongezeka maradufu tena. Kwa kanuni hiyo Sumbawanga ingekuwa ghala bora la mbegu katika nchi nzima. Baridi ile ile inayozuia pilipili kuota ingeiweka hai miaka.

Kinyume chake, katika duka moja la pembejeo mjini pakiti zimeningʼinizwa kwenye mlango wa kioo unaopigwa na jua tangu asubuhi, chini ya bati, zimekwisha kupauka upande mmoja. Juu ya tarehe ya mwisho ya matumizi imebandikwa karatasi ya bei. Ukiibandua kwa ukucha, taratibu kabisa, inatoka na tarehe. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ipo, na ipo taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, TOSCI, yenye lebo zake; lakini sheria haifiki mlangoni pa kioo kila asubuhi. Mkulima wa Laela au Matai hununua pakiti kwa fedha ya mahindi aliyouza, hulipa nauli kurudi kwao, husia, husubiri, humwagilia udongo mtupu mwezi mzima. Halafu hujilaumu. Aliyeagiza halaumiwi, aliyehifadhi halaumiwi, aliyeuza halaumiwi. Unalaumiwa mkono, ambao haukupewa hata risiti. Na akirudi dukani kulalamika huulizwa, mbele ya wateja wengine, kama alimwagilia.

Njia ya kujikinga ni kupima kabla ya kusia. Mbegu kumi hutandazwa kwenye kitambaa au karatasi laini iliyolowa, hukunjwa, hutiwa kwenye mfuko wa nailoni na kuwekwa mahali pa joto. Zikiota nane, pakiti ni nzima. Zikiota mbili, inasiwa mara nne zaidi au inarudishwa, na anayerudisha aende na kile kitambaa.

Mahali pa joto ndipo fikra za watu wa Ufipa zilipofika mbali. Juu ya friji panafaa, ila friji nyingi za siku hizi hutoa joto lake nyuma au ubavuni, na trei huishia kupata mtetemo tu. King'amuzi kinafaa zaidi, kina uvuguvugu wa kudumu, na saa za mpira hupata joto jema kwa sababu hakizimwi; tatizo ni kumwagilia. Umeme, ambao mji huu kwa miaka mingi uliupata kutoka ng'ambo ya mpaka, Zambia, ukikatika usiku wa Julai, joto la wiki hupotea kabla ya asubuhi. Mashine ya kutotolesha vifaranga imejaribiwa pia. Hufanya kazi kwenye nyuzi 37 na nusu, ambazo ni nyingi mno kwa pilipili, na mwenye mashine hana furaha ya kukuta karatasi za maji kati ya mayai yake. Jiko la mkaa hukausha upande mmoja na kuacha mwingine baridi.

Chombo kilicho bora kuliko vyote hakina waya. Ngozi ya tumbo la mtu mzima, chini ya nguo, ina nyuzi 32 hadi 34, mchana na usiku, mvua na kiangazi, umeme uwepo usiwepo. Mbegu zikilowekwa usiku mmoja katika maji ya uvuguvugu, zikafungwa kwenye kitambaa chenye unyevu, zikatiwa kifuko kidogo na kufundikwa kwenye pindo la kanga kiunoni, huonyesha ncha nyeupe kabla ya zile zilizowekwa sebuleni. Hufunguliwa kila siku zipate hewa, na ikionekana ncha tu huhamishiwa kwenye udongo, kwa kijiti, kina cha nusu sentimita hadi moja. Yule mama aliyetafuna jani la mnavu huotesha za kwake hivyo. Hakulisema siku ile. Lilikuja kujulikana baadaye, tena kupitia kwa mtoto wa bakuli.

Mche unapotoka huja umeinama. Shina hutangulia kama kitanzi, likivuta kichwa nyuma yake, ili majani laini yasikwaruzwe na udongo. Wakati mwingine ganda la mbegu hugoma kuvuka na kubaki juu ya majani kama kofia, yakishindwa kufunguka. Ganda hilo hulainishwa kwa tone la maji na kuachwa. Hamu ya kulivua kwa kucha ni kubwa, na matokeo yake ni mche usio na kichwa.

Kuanzia hapo joto si tatizo kubwa tena. Tatizo ni mwanga. Vitabu vingi vya kusia pilipili ndani ya nyumba vimeandikwa Ulaya na Marekani, ambako watu hulazimika kufanya hivyo kwa sababu ya theluji, na vyote huagiza dirisha la kusini. Sumbawanga ipo nyuzi nane kusini ya ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, na dirisha la kusini halioni hata mwale mmoja hadi msimu upite. Trei iliyowekwa hapo kwa utii hukaa kivulini kiangazi chote, kwenye upande unaopigwa na upepo. Dirisha linalofaa ni la kaskazini, pazia likiwa wazi, na ni vizuri kukumbuka kuwa jua kali la nje hufikia luksi 100,000 ilhali hatua chache tu kutoka dirishani hubaki luksi mia kadhaa. Macho ya mtu hayaoni tofauti hiyo, kwa kuwa hujirekebisha. Mche huiona yote. Hurefuka, hupauka, hujipinda kuelekea kwenye kioo na mwishowe huanguka kwa uzito wa majani yake yenyewe. Charles Darwin na mwanawe Francis waliliandikia jambo hili kitabu mwaka 1880: walivika ncha za miche ya nyasi kofia zisizopitisha mwanga na kugundua kuwa mche uliofunikwa ncha haujipindi, ingawa panapojipinda ni chini ya ncha. Kuna ujumbe unaoshuka. Baadaye ujumbe huo ulijulikana kuwa ni homoni ya oksini, inayokusanyika upande wa kivuli na kuufanya urefuke zaidi. Mwenye trei huitikia kwa kuigeuza trei kila asubuhi, na miche huanza safari upya kila jioni.

Ugonjwa wa hatua hii ni kinyausi. Mche mzima wa jioni hukutwa asubuhi umelala, shina limenyongeka usawa wa udongo, jembamba kama uzi, majani yakiwa bado mabichi. Miongoni mwa wahusika ni Pythium, ambayo kwa miaka mingi iliwekwa katika kundi la ukungu, lakini kwa nasaba iko karibu zaidi na mwani wa baharini. Hutoa vijimbegu vyenye mikia miwili vinavyoogelea kwenye maji yaliyo kati ya chembe za udongo, vikifuata harufu ya mzizi mchanga. Bila maji haviogelei. Anayemwagilia asubuhi, mchana na jioni kwa upendo amevichimbia bwawa. Udongo uachwe ukauke juu kabla ya kumwagiliwa tena, trei inywe kutoka chini, na hewa ipite. Trei ile ya mezani ilipatwa na kinyausi kabla ya yule mtoto kurudi mara ya pili na bakuli lake, hivyo hata mnavu haukuliwa.

Majani manne yakitimia, kila mche huhamishiwa kwenye kiriba au kopo lenye matundu chini, ukishikwa kwa jani na si kwa shina. Mvutaji wa sigara anawe mikono kwanza, kwani virusi vya batobato ya tumbaku husafiri kwenye vidole vyake. Watoto waambiwe kuwa kopo lililoandikwa majarini halina majarini.

Wiki moja au mbili kabla ya kupandwa nje, miche huzoeshwa: saa moja kivulini, kesho mbili, kisha jua la asubuhi, kisha siku nzima, na usiku hurudi ndani. Ufipa adui hapa ni upepo. Pia kuku. Majani ya mche mchanga hayana ukali wa kumzuia yeyote, na hata tunda lenyewe lingewaacha kuku baridi, kwa kuwa ndege hawausikii ukali wa kapsaisini. Pokezi la neva linalowaka kwa binadamu, ambalo kazi ya kuligundua mwaka 1997 ilimpa David Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021, kwa ndege haliitikii kitu hicho. Kwa pilipili huo ni mpango mzuri, maana ndege humeza mbegu nzima nzima na kuzipanda mbali. Kwa mwenye miche iliyoanikwa uani, ni dakika tano.

Wakati bora wa kusia katika uwanda huu, kwa hiyo, si Juni. Ni Septemba, joto linapoanza kupanda kuelekea Oktoba, ili miche ya wiki nane hadi kumi iingie shambani na mvua za mwishoni mwa Novemba na Desemba. Nafasi kati ya mche na mche ni nusu mita hivi, pilipili kichaa hupewa zaidi. Isipandwe palipotoka nyanya au viazi, wala mnavu usiachwe katikati ya mistari, kwani jamii yote hula na kuugua pamoja.

Mbegu za msimu ujao huchukuliwa kwenye tunda lililoiva kabisa likabadilika rangi. Ukali haukai ndani ya mbegu bali kwenye utando mweupe unaozishikilia, na hauyeyuki kwenye maji. Mikono hupakwa mafuta ya kula, kisha sabuni, na hadi hapo jicho liachwe liwashe. Mbegu huanikwa kivulini mpaka zivunjike zikikunjwa, hutiwa kwenye chupa kavu yenye kifuniko, huandikwa jina na mwaka, na chupa huwekwa katika chumba chenye baridi kuliko vyote. Kuanzia Mei hadi Agosti, chumba chochote kinafaa.